Ukuta wa Posta Nilioulamba

Mwaka 1974, nikiwa na miaka tisa, baba alishuka Sekenke kwenye mashimo ya zamani ya dhahabu na shimo likamfukia. Hapo ndipo shida ilipoanza. Mwaka huohuo mvua ilikataa, mtama ukakauka ukiwa bado magotini, na mimi nikatolewa darasa la pili nisirudi tena. Nasema mapema ili msomaji asinitafutie maneno makubwa humu. Ninayoyajua nimeyajua kwa mikono, na mengine nimeyajua kwa ulimi. Nitaeleza.

Mama alitulisha kwa chumvi. Chini ya ukingo wa mlima, kule mbugani, ardhi wakati wa kiangazi hutoa unga mweupe. Wanawake walikwenda kuukwangua kwa kipande cha kibuyu, wakaujaza kwenye chungu kilichotobolewa matundu chini na kutandikwa nyasi, wakamwagia maji. Yale yanayochuruzika ndiyo yanayochemshwa mpaka yakauke, na inayobaki ni chumvi. Lakini si kila udongo mweupe una chumvi. Mwingine ni magadi, mwingine ni uchungu mtupu, ukiuchemsha umeteketeza kuni za siku nzima bure. Kwa hiyo kabla ya kukwangua unaonja. Mama alichovya kidole kwenye ule unga, akakiweka kwenye ncha ya ulimi, akafumba macho. Chumvi inauma mbele. Magadi yanateleza kama sabuni. Uchungu unakaa nyuma, kooni.

Baada ya miezi michache akagundua ulimi wangu ni mkali kuliko wake, akawa ananitanguliza. Nilitembea mbugani nikilamba ardhi kama ndama, na wanawake wakanifuata na vikapu vyao, wakikwangua pale niliposema. Hiyo ndiyo shule niliyomaliza.

Kwenye ujenzi niliingia kwa kubeba maji. Walikuwa wanajenga zahanati, mimi nikiwa na miaka kumi na minne, nachota korongoni na madebe mawili begani. Mafundi walipokwenda kula mimi nilichukua mwiko na kupiga lipu nyuma ya choo, nikaibandua kabla hawajarudi. Hakuna aliyenifundisha. Siku moja fundi mkuu akarudi mapema, akautazama ule ukuta wa choo, akaniuliza, "Nani kapiga hapa?" Nikasema mimi. Akasema, "Kesho maji atachota mwingine." Tangu siku hiyo sijabeba ndoo ya mtu.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne tulipojenga posta ya mji wetu. Mji wenyewe ni mdogo, uko upande wa Iramba, barabara moja na soko moja. Posta ilikuwa jengo la heshima. Ukuta mkubwa wa ndani, ule unaoutazama ukiwa umesimama kwenye foleni, nilipewa mimi peke yangu, mrefu hatua kumi na mbili, kutoka chini mpaka dari. Mchanga tulitoa mto wa juu, ng'ambo ya kilima, mchanga mweusi usio na kitu ndani yake. Mkokoteni wa punda ulikwenda asubuhi ukarudi saa nane.

Zikabaki siku mbili mkuu wa wilaya aje kufungua, na mchanga ukaisha. Punda alikuwa amechubuka shingo. Mbugani kulikuwa na korongo lenye mchanga mzuri, mlaini, na mtu anakwenda na kurudi kabla chai haijapoa. Nilikwenda. Nikachota kiganjani, nikaonja.

Uliuma mbele. Si sana. Nikajiambia si sana.

Nikapiga ukuta ule kwa siku moja na nusu na ukatoka kama maji yaliyotulia. Mkuu wa wilaya aliupapasa. Kuanzia hapo watu walikuja kwangu wakisema, "Fundi, nataka kama ule wa posta." Nyumba ya mchungaji, nyumba ya shehe, shule, maduka yote ya upande wa soko, yote yalikuja kwa sababu ya ukuta ule. Jina langu lilijengwa juu yake, na mimi nilijua kilichomo ndani.

Haukupita mwaka, baada ya masika ya kwanza, nikaona pale chini rangi imevimba kama lengelenge. Nikamwendea posta masta wa wakati huo nikamwambia nitaipaka posta yake rangi upya, bure, kwa kupenda kwangu. Nikapaka rangi ya mafuta, nzito. Baada ya hapo nikawa napaka kila mwaka kabla ya mvua. Maposta masta walikuja na kuhama, mimi napaka. Watu wakasema yule fundi anaipenda sana serikali. Mke wangu akasema, "Ukuta wa watu unaupaka kila mwaka, jikoni kwangu moshi umekula ukuta mpaka panya anaona aibu kupita." Hata yeye sikumwambia.

Sasa nifike kwenye picha.

Siku hizi barua hakuna. Watu wanakwenda posta kuchukua vifurushi na kulipia hiki na kile. Serikali ikaona majengo yale ni yake na yako katikati ya miji midogo, ikatoa fedha yachorwe ndani, kila posta picha ya maisha ya vijijini ya watu wa pale. Mwezi wa kumi akaja binti mmoja kutoka Morogoro, kavaa suruali yenye rangi kila mahali, amebeba mfuko wa mkaa wa kuchorea. Posta masta, huyu wa sasa, kijana mpole anayependa mambo yaende kwa utaratibu, akaniita.

"Fundi, binti anasema rangi hii ya mafuta lazima ikwanguliwe yote. Picha yake haishiki juu ya mafuta. Na huu ukuta kila mtu anasema ni wako."

Nikasema, "Ya mafuta inalinda ukuta."

Binti akasema, "Shikamoo babu. Inaulinda na nini?"

Nikaitikia marahaba tu. Wakakwangua.

Nilijipa kazi ya kwenda kila asubuhi. Nilisema nakwenda kuangalia wasiharibu lipu. Siku tatu za kwanza alichora mistari ya mkaa tu, na mimi nilicheka moyoni, nikaona ni kama njia za sisimizi. Siku ya nne akaweka rangi ya mbali, ile ya mlima wakati wa kiangazi, ambayo si buluu wala si kijivu. Nikakaa kwenye benchi. Sikuinuka mpaka adhuhuri.

Nimepiga kuta maisha yangu yote nikijua ukuta ni mwisho. Jicho linagonga pale na kurudi. Yule binti aliufanya ukuta uende mbali. Nyuma ya kaunta ya mihuri kulikuwa na ukingo wetu wa mlima, na chini yake mbuga, na kutoka kwenye ile mbuga ng'ombe wakawa wanakuja, wadogo kwanza, halafu wakubwa, mpaka yule dume wa mbele ambaye pua yake ilikuwa na unyevu. Mkono wa binti uliokuwa ukiyafanya hayo ulikuwa mwembamba kama wa mtoto, na alikuwa anakula karanga huku anafanya. Nikajiuliza vitu hivi vinatoka wapi. Mimi nikijenga natoa matofali kwenye tanuru, mchanga mtoni, saruji dukani. Yeye ng'ombe alimtoa wapi? Jana hakuwapo.

Watu wakaanza kuja bila shughuli. Mzee mmoja mfugaji alisimama mbele ya lile dume, fimbo mkononi, akatazama weeee, akasema, "Huyu ana homa ya macho." Binti akasogea, akatazama, akasema kweli, ameliweka jicho vibaya, akalirekebisha palepale. Mzee akaondoka akitembea kama daktari. Bibi mmoja mwenye macho hafifu aliingia, akamwona mwanamume aliyechorwa kando ya mlango amebeba jembe, akampisha. Alisimama kabisa akampisha apite. Hakuna aliyecheka. Na mimi jana yake nilikuwa nimemkwepa yule dume nikipita.

Mwezi wa kumi na moja mvua ikanyesha siku tatu mfululizo, halafu jua likawaka.

Asubuhi ya Jumatatu niliingia nikamkuta binti amechuchumaa mbele ya dume. Tumbo la ng'ombe lilikuwa limevimba na kupasuka, na penye mpasuko palikuwa na unga mweupe. Miguu ya ng'ombe wa nyuma yake ilikuwa imeanza. Mahali pale pale palipovimba mwaka wa kwanza.

"Babu, ona," akasema. "Wiki ijayo wanakuja kutoka mkoani kukagua. Hii ndiyo kazi yangu ya kwanza ya serikali."

Posta masta alikuwa amesimama na simu mkononi. Akasema, "Mimi nafikiri rangi ni feki. Aliyekuuzia kakuuzia feki. Au umechanganya vibaya. Lazima niandike taarifa, na kwenye taarifa lazima niandike sababu."

"Andika nimechanganya vibaya," binti akasema. "Kwenye posta nyingine zote rangi imeshika. Ukuta huu ndio unaosifiwa mji mzima. Kosa ni langu."

Foleni ilikuwa na watu wanane hivi. Ninawakumbuka wote. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alikuwamo, niliyekuwa nimpigie lipu nyumba yake mpya wiki inayofuata. Shehe alikuwamo. Ningeweza kutoka. Mlango ulikuwa wazi na hakuna aliyekuwa ananitazama. Taarifa ingeandikwa, binti angepanda basi kurudi kwao na jina la mtu asiyejua rangi, na mimi mwakani ningepaka rangi ya mafuta juu ya mlima na mbuga na ng'ombe wote, bure, kwa kupenda kwangu, na watu wangenisifu.

Lile wazo la kuwapaka ng'ombe ndilo lililonishinda. Si kwamba mimi ni mtu mwema. Niliona nitakuwa kama mtu anayefukia shimo na watu wamo ndani.

Nikasogea ukutani, nikachovya kidole kwenye ule unga, nikauweka kwenye ncha ya ulimi.

Mmoja kwenye foleni akasema, "Fundi, mambo yamekuwa magumu kiasi hicho? Twende nikununulie chapati."

Wakacheka. Nikawaacha wamalize.

"Rangi haina kosa," nikasema. "Hii ni chumvi ya mbugani, ya lile korongo la mashariki. Niliileta mimi mwenyewe na mkokoteni, tulipojenga hapa. Niliionja kabla sijaipakia. Nilijua."

Posta masta akaniangalia. "Ulijua?"

"Nilijua. Na kila mwaka napaka ili msijue ninyi. Andika hivyo kwenye taarifa yako. Andika na jina langu, herufi kubwa, mimi mwenyewe siwezi kuziandika vizuri."

Mwenye duka akatazama saa yake. Shehe ndiye aliyesema, taratibu tu, "Na kwangu, fundi? Mchanga wa kwangu ulitoa wapi?"

"Mto wa juu, shehe. Kote mto wa juu. Ni hapa tu."

"Utaapa?"

"Njoo tukalambe pamoja."

Akatabasamu kidogo, si sana.

Nikamwambia binti kwamba lipu yote ya upande ule lazima ianguke, na ng'ombe wake waanguke nayo. Akalipapasa lile dume. Halafu akasema, "Nipe dakika." Akatoa simu, akawapiga picha ng'ombe mmoja mmoja, kama mtu anayeaga. Posta masta alipiga simu mkoani, wakampa wiki tano zaidi na wakauliza maswali mengi. Nikasema saruji ni yangu, mchanga ni wangu na mikono ni yangu.

Lipu ile niliibandua peke yangu. Nimebomoa vingi lakini sijawahi kubomoa kitu kinachonitazama. Lile dume nililiacha mpaka mwisho. Nilipiga patasi kuanzia kwenye kwato, nikipanda, na nilipofika kwenye pua nikaomba binti atoke nje. Aligoma kutoka. Akasema, "Piga tu, babu. Nikimweza mara moja namweza mara mbili."

Chini ya lipu matofali nayo yalikuwa yamekunywa chumvi. Nikayapiga brashi, nikayaosha, nikayaacha yakauke, nikayalamba. Bado. Nikaosha tena. Mara ya tatu nilipita mstari kwa mstari nikilamba tofali, nimepiga magoti, na watu wa foleni wakiwa nyuma yangu wanasubiri vifurushi vyao. Mwanzo walicheka. Siku ya pili walikuwa wananiuliza, "Hilo vipi?" nami nikisema, "Bado," au, "Hili limepona." Hawakuwa wanacheka tena. Mchanga nilikwenda mwenyewe mto wa juu na mkokoteni wangu, na kila mfuko nikauonja juu, katikati na chini. Nina miaka sitini na moja na mgongo wangu una maneno mengi, lakini ukuta ule niliupiga kwa siku nne, polepole, timazi ikining'inia mbele yangu, na naweza kusema bila kuona haya kwamba ule wa kwanza haukuufikia.

Lipu ilipokuwa inakauka binti hakuwa na kazi. Alikaa nami kwenye benchi akaniuliza ulimi ule niliupata wapi. Nikamweleza mbuga, chungu chenye matundu, wanawake na vikapu, mama na kidole chake. Akauliza, "Alikuwaje, mama yako?" Nikataka kumweleza, nikakuta sina cha kusema. Alifariki nikiwa na miaka kumi na tisa na hakuwahi kupigwa picha hata moja. Nakumbuka sauti. Nakumbuka kilemba cheusi. Uso umeondoka. Nikamwambia hivyo. "Mikono ndiyo naikumbuka," nikasema. "Chumvi ilikuwa imeipasua." Akatikisa kichwa, akaendelea na karanga zake. Mara mojamoja alikuwa anatazama chini, na mimi nilidhani anatazama sakafu.

Baada ya hapo sikwenda wiki tatu. Mwenye duka alikuwa amenipokonya kazi yake, na mwingine mmoja naye. Nililima alizeti yangu. Mke wangu hakunisema neno, ila jioni moja alisema, "Kumbe ndiyo maana," akaenda kukamua ng'ombe. Nilikuwa nangoja awe mkali. Angekuwa mkali ningepumua.

Siku ya wakaguzi posta masta alikuja nyumbani mwenyewe, kwa pikipiki. "Shikamoo fundi. Binti anasema hafungui mpaka uwepo."

Nikaingia posta na kanzu yangu ya Idi. Watu walikuwa wamejaa mpaka barazani, na nikaona wanapisha. Mlima ulikuwapo. Ng'ombe walikuwa wamerudi wote, na dume mbele yao, jicho zima. Alizeti, vitunguu, wanawake wanapepeta mtama. Haya niliyajua. Lakini pale chini, penye kona iliyovimba mara ya kwanza, palikuwa ardhi ya mbuga, nyeupe, na mwanamke amechuchumaa, kando yake chungu chenye matundu na kikapu. Kilemba cheusi kimeshuka mbele kwa sababu ameinama, na uso hauonekani. Kinaonekana kidevu, na kidole kimefika mdomoni. Anaonja.

Kulikuwa na mtu wa mkoani anazungumza, na maneno yake yalinipita kama upepo unavyopita mtama. Nikatazama ile mikono. Ilikuwa imepasuka kwenye viungo, kucha pana, kidole gumba cha kulia kimepinda kidogo kwenda nje. Nikajiambia, binti huyu ameijuaje mikono ya mama? Halafu nikatazama chini kwenye mikono yangu, ambayo saruji imeifanya vile vile, na kidole gumba changu cha kulia, kilichopinda kwenda nje tangu nizaliwe.

Binti alikuwa amesimama kando. "Nilikosa pengine pa kuitoa, babu," akasema.

Nilivua kofia. Mama yangu aliyekwangua ardhi ili nisife njaa yuko kwenye ukuta wa serikali, mkubwa kuliko alivyokuwa, na watu wenye suti walikuwa wamesimama mbele yake kimya, na ukuta uliomshika ni wangu. Sijui kitu kama hicho kinaitwaje.

Masika yamepita tangu hapo. Nilikwenda kila asubuhi wakati wa mvua, nikapiga goti pale konani, nikaonja. Hakuna kitu. Na si mimi peke yangu. Watu wakija posta wana tabia sasa ya kugusa ukuta na kuweka kidole mdomoni, na pale chini pameanza kung'aa. Posta masta amebandika karatasi ya kukataza. Wanaisoma, halafu wanalamba. Mwenye duka naye nimeambiwa alilamba, akidhani hakuna mtu. Mwezi uliopita alinirudishia kazi. Yule mwingine mpaka leo ananisalimia kwa mbali, na ana haki yake.

Nilichonacho leo ni hiki. Nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vitano, bati jipya. Jiko lililopigwa lipu, hatimaye. Ng'ombe kumi na mmoja, punda wawili, mkokoteni mmoja. Ekari sita za alizeti na mbili za mtama. Mke mmoja na watoto wanne waliomaliza shule. Miiko mitatu, timazi moja, pima maji moja yenye ufa. Chungu kimoja cha mama, kimetobolewa matundu chini, hakishiki maji.